Tundu la Upande wa Ringi

Gurudumu la nyuma la pikipiki, ukiliondolea cheni na breki ukaliacha lining'inie kwenye ekseli yake tu, halikai ulivyoliweka. Linazunguka lenyewe polepole, linasita, linarudi nyuma kidogo, kisha linatulia. Sehemu iliyobaki chini ndiyo nzito. Unaweka alama ya chaki upande wa juu, unafunga uzito mdogo kwenye spoku ya hapo, unalizungusha tena. Siku litakapokuwa linatulia kila safari mahali tofauti, limesawazika.

Nilifanya kazi hiyo usiku mmoja wa Februari 2025, uani kwetu Bungu, wilaya ya Kibiti, kwa mwanga wa simu. Ekseli niliilaza juu ya vinu viwili vilivyopinduliwa, kimoja cha mama na kingine tulichoazima kwa jirani. Uzito wenyewe ulikuwa chubwi, vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zizame. Nilivigonga kwa nyundo vikawa bapa, nikavizungushia kwenye spoku moja baada ya nyingine. Ilinichukua karibu saa nzima. Gurudumu lilipotulia mara tatu mahali patatu tofauti, nilimwita kaka atoke ndani aje aone.

Asubuhi yake tairi lile liliishiwa upepo ghafla kwenye mchanga, njia ya Nyamisati. Kaka akaanguka pamoja na abiria wake. Kaka alichubuka goti. Abiria, mama wa makamo aliyekuwa ametoka delta na kapu la dagaa, alivunjika mkono.

Kaka yangu ni bodaboda. Kijiwe chake kipo pale ambapo njia ya Nyamisati inaachana na lami ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Pikipiki ni ya mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na mkataba ukiisha kitakuwa chake. Mtu wa mkataba huhesabu kila kitu. Tairi la nyuma lilikuwa limekuwa kipara, akajikaza akanunua jipya, 3.00-17, pamoja na tyubu. Kilichobaki ni fundi wa kulifunga, na kwa fundi kuna foleni na kuna elfu tatu.

Nikamwambia aache, nitafunga mimi.

Kusema kweli, elfu tatu haikuwa sababu. Nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, nasoma falsafa, na kila nikirudi likizo kuna mtu wa kuniuliza falsafa inafanya kazi gani. Mjomba huuliza. Vijana wa kijiwe huuliza kwa kicheko. Mimi ni mtoto wa kike tena, kwa hiyo kuna na swali la pili ambalo hawalisemi. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha tairi la mbele la pikipiki hiyohiyo baada ya kutazama video kwenye simu, na habari zikafika kijiweni. Kwa wiki nzima niliitwa "fundi msomi". Nililipenda jina lile kuliko ninavyopenda kukiri.

Ni lazima nieleze kazi yenyewe, maana kosa limo ndani yake.

Ringi ya pikipiki ina mfereji katikati, wenye kina kuliko kingo zake. Mdomo wa tairi una waya wa chuma ndani, hauvutiki kama mpira. Siri yote ya kufunga tairi bila nguvu ni kuusukuma mdomo wa upande mmoja uzame kwenye ule mfereji, ili upande wa pili upate nafasi ya kupita juu ya ukingo. Unapaka maji ya sabuni. Unatia tyubu upepo kidogo ili ijikunjue. Unaanza mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu, kwa sababu pale kwenye valvu tyubu ni nene na mdomo hauwezi kuzama vizuri. Unapiga magoti juu ya tairi ili ulichokwisha kukiingiza kisitoke. Ukifanya hivyo, sehemu ya mwisho inaingia karibu kwa mikono mitupu. Ukiona inakulazimu kutumia nguvu nyingi, si kwamba tairi ni gumu. Ni kwamba mahali fulani mdomo umepanda kutoka kwenye mfereji.

Usiku ule ulipanda. Nilikuwa nimebakiza kipande cha shibri moja na nusu. Badala ya kurudi nyuma niushushe mdomo upya, nilichukua chuma kirefu, nikakichomeka ndani zaidi, nikakilalia kwa uzito wa mwili. Tairi likaingia kwa mlio. Nilihisi kitu laini chini ya ncha ya chuma. Nilihisi, nisiseme sikuhisi. Nikatia upepo, ukakaa. Nikajiambia kama ungekuwa umetoboka ungetoka. Kisha nikavuta vile vinu viwili nikaanza kusawazisha.

Hilo ndilo linalonirudia. Bodaboda wengi hawasawazishi magurudumu kabisa. Kwa mwendo wa mchangani hutasikia tofauti. Ukiwa kwenye lami kwa kasi ndipo gurudumu lisilo sawa huanza kutikisa chombo. Nilitumia karibu saa nzima kwa jambo ambalo abiria wa Nyamisati asingelijua kamwe, na sikutumia dakika tano kutoa tyubu niitazame. Kusawazisha kulikuwa kunapendeza. Kulikuwa na chaki na risasi na gurudumu linalozunguka gizani. Kulikuwa na kaka amesimama mlangoni akitikisa kichwa na kusema, "Dogo, wewe noma."

Walipoanguka, kila mtu alikuwa na maneno tayari. Vijana wa kijiwe walisema tyubu za siku hizi ni karatasi. Mama alisema kudra ya Mungu, tushukuru ni mkono. Kaka alisema ni mwiba, njia ile ina miiba. Yule mama mwenyewe, wakati anafungwa hogo, alimwambia kaka asijali, la kuandikwa halifutiki. Kaka alilipia gari na dawa kwa hela ya hesabu ya siku tatu, akarudi nyumbani na pikipiki juu ya kirikuu.

Nilifungua tairi lile peke yangu. Niliitia tyubu upepo, nikaizamisha kwenye beseni. Kuna njia rahisi ya kujua kilichotoboa: unailinganisha valvu na mahali pake, unailaza tyubu ndani ya tairi kama ilivyokuwa, unatafuta msumari au mwiba kwenye kanyagio usawa wa tundu. Sikuhitaji kutafuta. Tundu halikuwa upande wa kanyagio. Lilikuwa upande wa ndani, upande wa ringi, umbali wa kiganja kutoka kwenye valvu: mpasuko mfupi ulionyooka, na pembeni yake kovu la pili ambalo halikuwa limefika ndani. Mwiba hauwezi kutokea huko. Huko hufika chuma tu, na chuma nilikuwa nimekishika mimi.

Nilikaa na beseni lile mpaka maji yakatulia. Nilikuwa nimepewa na watu wanne maelezo manne ya kuniokoa, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ananiokoa.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walijadiliana juu ya kitu walichokiita bahati katika maadili. Nilikuwa nimekisoma muhula uliotangulia na nikakiandikia zoezi. Nagel anatoa mfano wa dereva wa lori ambaye hakukagua breki zake. Madereva wa namna hiyo ni wengi, na wengi hufika salama. Mmoja wao mtoto anakatiza barabara mbele yake, breki hazishiki, mtoto anakufa. Uzembe wao ni sawasawa, lakini huyu mmoja ndiye tunayemwona muuaji, naye mwenyewe hujiona hivyo. Je, ni haki? Katika zoezi langu nilijibu kwa kurasa nane kwamba si haki, kwa sababu hatupaswi kumhukumu mtu kwa jambo lisilo mikononi mwake.

Mbele ya beseni, zoezi lile lilinigeukia. Tairi la mbele la mwaka mmoja kabla nililifunga kwa chuma kilekile na haraka ileile. Halikumdhuru mtu. Kama lawama ya tairi la pili ni bahati mbaya tu, basi na sifa ya tairi la kwanza ilikuwa bahati nzuri tu, na sifa ile sikuwa nimeirudisha kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimekula faida ya bahati mwaka mzima. Sasa hasara imekuja, ndiyo nagundua kwamba bahati si ya kuhesabiwa.

Sina ugomvi na kudra. Nimelelewa nayo, na nimewaona watu wa delta wakisimama kwa sababu yake baada ya mambo ambayo mimi yangenilaza chini. Lakini nilianza kuona kwamba neno hilo lina mahali pake halali. Anapolisema aliyeumia, analitumia kubeba. Anapolisema aliyeumiza, analitumia kutua.

Madrasa niliyosoma utotoni ustadhi wetu aliwahi kutufundisha hukumu moja ya mafakihi ambayo haikunitoka: mtu anayetibu watu naye hajulikani kwa utabibu, akidhuru, ana dhamana. Tabibu anayejulikana akifanya kama inavyotakiwa na mgonjwa akafa, hadaiwi. Aliyejitia anadaiwa hata kama nia yake ilikuwa njema. Sisi watoto tulicheka, tukamuuliza je, anayeziba pancha? Ustadhi akasema na yeye pia, kila anayeshika kitu cha mtu.

Nilipokumbuka hukumu ile, jibu la kwanza lililonijia ni jepesi: basi mambo ya fundi aachiwe fundi. Ila jibu hilo haliwezi kuishi kwetu. Ukiingia delta, mashine ya boti ikizima katikati ya mikoko na maji yanakupwa, hakuna wa kumpigia simu. Atakayefungua plagi ni aliyepo. Mtumbwi unaovuja huzibwa na mwenye mtumbwi. Tukisema asiyejulikana kwa ufundi asiguse kitu, nusu ya wilaya itasimama kesho asubuhi. Na huyo fundi wa stendi tunayemwamini, alijulikana vipi? Alijifunzia kwenye magurudumu ya watu. Ana matundu yake ya upande wa ringi, ya zamani, ambayo hakuna aliyeyahesabu.

Tofauti yangu na yeye nikaiona mahali pengine. Yeye anakaa chini ya mwembe uleule kila siku. Tairi likikuangusha, unarudi kwake ukiwa umefura, unamrushia tyubu miguuni mbele ya wateja wake, naye hana pa kwenda. Kazi yangu ya usiku haikuwa na uso. Ilifanyika uani, ikaingia barabarani ikiwa chini ya mwanamke asiyejua kwamba mimi nipo duniani. Kosa langu la kwanza lilikuwa chuma. La pili lilikuwa linaendelea kila siku niliyonyamaza: nilikuwa fundi ambaye hakuna njia ya kumrudia.

Nilimwambia kaka kwanza. Nilimwonyesha tyubu. Aliigeuza, akaingiza ukucha kwenye mpasuko, akanyamaza muda mrefu.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi iishie hapa."

Nikamwambia nataka kwenda kwa yule mama. Hapo akasimama. Sikuwa nimewahi kumwona kaka na hasira ya namna ile, ya sauti ndogo.

"Wewe unarudi chuo. Mimi nabaki na kijiwe. Wakijua tairi langu linafungwa na mtu wa video, nani atapanda? Kina mama wa dagaa wote wanajuana. Ukisema wewe, ninayelipa ni mimi."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimefikiri kwamba ukweli ule ni mali yangu kwa kuwa kosa ni langu. Kumbe kuusema ni kutumia hela ya mtu mwingine. Tulizozana siku mbili. Mwishowe nilimwambia kitu kimoja ambacho hakikuwa cha falsafa: kwamba siku moja mtu mwingine ataikuta ile tyubu, au mimi nitaropoka, na ikijulikana baadaye kwamba tulijua tukanyamaza, hapo ndipo hakuna atakayepanda. Hakuridhika. Alisema tu, "Nenda. Lakini sema ni wewe. Useme na mimi sikujua."

Boti za kuingia delta husubiri maji. Nilikaa Nyamisati kuanzia asubuhi mpaka maji yalipojaa, nikapanda na magunia ya unga na kreti za soda, tukapita mikononi mwa mto mikoko ikiwa imesimama pande zote mbili. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa na hotuba fupi juu ya ukweli.

Nilimkuta ameketi chini ya dungu lake shambani, zile nyumba za miguu mirefu ambazo watu wa Rufiji hujenga kwenye mpunga ili kulinda ndege na nguruwe. Hogo lilikuwa limeshachafuka tope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Wa nani wewe?"

Nikajieleza. Nikamweleza tairi, chuma, kile kitu laini nilichokihisi. Sikuacha kitu. Alisikiliza akitazama mpunga.

"Kaka yako anajua umekuja?"

"Anajua."

"Na ameridhika?"

"Hapana, mama. Amekubali tu."

Akakaa kimya. Kisha akaniuliza, bila ukali, "Sasa maneno hayo umeniletea mimi nifanye nayo nini?"

Hotuba yangu haikuwa na kifungu cha kujibu hilo. Akaendelea: "Mimi nilikuwa nimeshamaliza. Nilisema Mungu kapanga, nikalala. Sasa umenipa mtu wa kumkasirikia. Leo sitalala."

Nadhani huo ndio ukosoaji mkubwa kuliko wote niliowahi kupata, na nimepata wa maprofesa. Nilikuwa nimesafiri siku nzima nikiamini nampelekea kitu. Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo, na mahali nilipoutua palikuwa mapajani mwake, mwanamke mwenye mkono mmoja.

Baadaye akasema, "Mpunga umeingiwa na majani. Mwaka jana mafuriko yalinichukulia wote, sikuvuna hata debe. Huu ndio ninaoutazama. Mkono huu haung'oi. Palizi unaiweza?"

Mwaka aliousema ni 2024. Nikasema naiweza.

"Kama ulivyoliweza tairi?"

Nilipalilia siku tisa. Usiku nililala dunguni na mjukuu wake. Siku ya kwanza niling'oa mpunga pamoja na mpunga mwitu, maana vikiwa vichanga vinafanana, na yeye alipita nyuma yangu mstari kwa mstari akivikota na kunionyesha shina. Hakunisifu hata mara moja. Kila jioni alikagua nilichofanya mchana, na palipokuwa pabaya alinirudisha. Siku ya nne niliacha kuona aibu ya kurudishwa. Nikawa namwita mwenyewe: mama, njoo utazame hapa kabla sijaendelea.

Hatukuzungumza tena juu ya kusamehe. Sijui kama amenisamehe. Siku ninaondoka alinipa samaki wakavu nimpelekee mama, akasema wanangu wengine wakija kulima huwa hawakai siku tisa. Sikujua nilichukue neno hilo vipi. Mkono wake ulipona, ila haukunyooka sawa, na siku tisa zangu haziwezi kuunyosha.

Nimelifikiria sana neno la ustadhi tangu hapo. Dhamana. Katika Kiswahili cha mahakamani dhamana ni kile unachokiweka ili uachiwe uende, kwa sababu kinatuhakikishia kwamba utarudi. Nilikuwa nimeisikia siku zote kama neno la lawama, nani ana kosa, nani adaiwe. Sasa nalisikia kama neno la kurudi. Mtu mwenye dhamana si lazima awe asiyekosea. Ni yule ambaye ukimtafuta kesho utamkuta. Ndiyo maana sioni dhambi katika kufanya kazi ya fundi nyumbani, kwa mikono isiyo na cheti. Kilicho kibaya ni kuitoa kazi hiyo iende kwa watu bila jina lako juu yake, kisha kuwaachia kudra, miiba na viwanda vya tyubu wajibu kwa niaba yako. Na kukiri peke yake hakutoshi. Kukiri bila mikono ya kufanya kazi ni kumpa aliyeumia shughuli nyingine.

Kaka alilipa, kama alivyosema. Habari ilitoka delta ikafika Nyamisati. Kwa wiki kadhaa wateja wake wawili wa siku zote walipanda pikipiki za wengine. Waliobaki walianza kuuliza kabla ya kupanda: tairi kafunga nani? Mwanzoni ilikuwa kejeli, ya kumchoma yeye. Kisha wakaanza kuwauliza na wenzake, na wenzake nao ikabidi wawe na jibu.

Nilikuwa nyumbani tena likizo ndefu, kaka akaleta tairi la mbele uani akaliegemeza ukutani.

"Mpeleke fundi," nikamwambia.

"Fundi yupo. Lakini yeye sijui anapolala. Wewe najua."

Nililifunga mchana, si usiku. Nilipofika kipande cha mwisho mdomo ukakaza. Nikaacha chuma, nikarudi upande wa pili, nikapiga magoti, nikaushusha upya kwenye mfereji. Mara tatu. Ukaingia kwa vidole gumba. Kisha nikafungua upande mmoja tena, nikaitoa tyubu, nikaipitisha yote mkononi upande wa ringi, nikaanza upya. Kusawazisha nilifanya mwisho, kwa chubwi mbili tu, na sikumwita mtu kutazama. Gurudumu likalala na upepo usiku kucha, na asubuhi nikalipima kabla halijaguswa.

Abiria wa kwanza nilikuwa mimi. Tulikwenda mpaka Nyamisati na kaka, mchanga wote ule, nikiwa nimeshika chuma cha nyuma kwa mikono miwili. Pale bandarini kulikuwa na mama ameshuka botini na kapu lake, anatafuta usafiri wa kurudi nao Bungu. Akalizunguka gurudumu la mbele, akaona chubwi kwenye spoku.

"Hili kafunga nani?"

Kaka akanionyesha kwa kidevu. "Huyu."

Mama yule alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akanitazama tena. Kisha akaliweka kapu chini, akauliza nauli ni kiasi gani.